Hati za shamba husimulia ukoo, mkulima asikae bila zake

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana na wenye maduka wanapoonyana kuhusu mikopo ya unga na sukari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba shamba nalo lina daftari lake, nalo ni lile lililo katika ofisi ya msajili wa ardhi. Daftari hilo halitunzi ekari pekee. Hutunza pia majina ya walioishi, waliooana, waliokopa na waliokufa. Kwa ufupi, hutunza ukoo.

Anayetaka kuthibitisha jambo hili na atazame ukoo mmoja ambao karibu kila Mkenya amewahi kuusikia, ule wa Delamere. Kwa zaidi ya miaka 120, ukoo huu umeacha alama katika hati za ardhi za Bonde la Ufa. Mtu mwenye subira anaweza kuanza na kipande cha ardhi kule Njoro mwaka 1903, akafuata hati moja baada ya nyingine, na akaishia na picha ya vizazi vitatu, wake zao, mashemeji zao na hata wadai wao.

Hii si hadithi ya kuwasifu walowezi. Ni hadithi ya nguvu ya karatasi. Wakulima wadogo waliorithi mashamba ya babu zao wakiwa na maneno ya mdomo tu wana sababu nzuri ya kuisikiliza.

Karatasi ya kwanza

Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu wa Delamere, alizaliwa Uingereza mwaka 1870 na kurithi cheo cha babake mwaka 1887, akiwa kijana wa miaka 17. Alifika katika nyanda za juu za Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea upande wa Somalia katika msafara wa uwindaji. Miaka sita baadaye alirejea kutafuta makao.

Maombi yake ya ardhi ya mwaka 1903 yanaonyesha mengi. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa sababu eneo alilotaka lilikuwa mbali mno na watu. La pili, lililohusu ekari 100,000 karibu na Naivasha, lilikataliwa kwa hofu kwamba lingezua mgogoro na Wamaasai. La tatu lilikubaliwa. Alipewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99, akaliita shamba hilo Equator Ranch.

Masharti yalikuwa kulipa kodi ya pauni 200 kwa mwaka na kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Mkulima anayelipia ukodishaji wa ekari moja ya viazi leo na apige hesabu. Wakati huo pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hivyo kodi ile ilikuwa chini kidogo ya nusu peni kwa ekari kwa mwaka.

Mkataba ule ndio karatasi ya kwanza ya ukoo huo katika ardhi ya Kenya. Unataja jina, tarehe, ukubwa, mipaka, muda na masharti. Mtafiti wa nasaba akishapata karatasi kama hiyo, huwa ameshika ncha ya uzi. Kazi iliyobaki ni kuuvuta.

Jina moja, watu watatu

Tatizo la kwanza linalomkabili mtafiti ni jina lenyewe. Delamere ni jina la cheo. Jina la ukoo ni Cholmondeley, ambalo wenyewe hulitamka Chamli. Anayepekua kumbukumbu akitafuta jina moja tu atakosa nusu ya hati.

Isitoshe, cheo hurithiwa pamoja na jina. "Lord Delamere" katika hati ya mwaka 1925 ni baroni wa tatu, aliyefariki Novemba 1931. "Lord Delamere" katika hati ya mwaka 1950 ni mwanawe Thomas, baroni wa nne, aliyezaliwa 1900 na kufariki 1979. Anayetajwa baada ya hapo ni baroni wa tano, aliyezaliwa 1934. Ni watu watatu, babu, mwana na mjukuu, na wote hutajwa kwa jina moja. Asiyeangalia tarehe za vifo anaweza kudhani ni mzee mmoja aliyeishi miaka 120.

Mkulima asiwacheke walowezi kwa jambo hili. Miongoni mwa Wakikuyu, mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa sababu hiyo Kamau humzaa Njoroge, naye Njoroge humzaa Kamau, na majina huzunguka hivyo kizazi baada ya kizazi. Jamii nyingine nyingi nazo huwapa watoto majina ya mababu. Hatimiliki iliyotolewa kwa jina la Kamau Njoroge katika miaka ya sitini inaweza kudaiwa na watu watatu wenye jina hilo hilo, na kila mmoja akawa na kitambulisho cha kumuunga mkono. Kesi nyingi za ardhi huanzia hapo.

Dawa ni ile ile anayotumia mtafiti wa nasaba. Usilitazame jina peke yake. Linganisha jina na tarehe, nambari ya kitambulisho, jina la baba, mahali na saini.

Wake, mashemeji na majirani

Hati za ardhi za enzi ya ukoloni zilijaa wanaume. Wanawake hujitokeza katika nyakati tatu, nazo ni ndoa, ujane na urithi. Katika ukoo huu, jina "Lady Delamere" nalo lilibebwa na zaidi ya mmoja. Florence, mke wa kwanza wa baroni wa tatu, waliyeoana mwaka 1899, alifariki 1914. Mwaka 1928 baroni huyo alimwoa Gwladys, ambaye baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Aliyefuata kujulikana zaidi kwa jina hilo ni Diana, aliyeolewa na baroni wa nne mwaka 1955.

Florence alitoka katika ukoo wa Cole wa Ireland. Ndugu zake wawili, Berkeley na Galbraith, walihamia Kenya pia. Galbraith alichukua shamba la Kekopey karibu na Ziwa Elmenteita, na shemeji yake Delamere akawa na shamba la Soysambu hapo hapo karibu na ziwa. Mtu anayesoma hati ya shamba moja pekee hawezi kujua kwamba majirani hao walikuwa mashemeji. Anayetandaza ramani ya upimaji na kusoma majina ya mashamba yote yanayopakana ataanza kujiuliza maswali, na maswali hayo yatampeleka kwenye cheti cha ndoa.

Hii ni kanuni inayojulikana na wote wanaofuatilia nasaba kwa njia ya ardhi. Jirani mara nyingi ni jamaa. Hata vijijini hali ndiyo hiyo, kwani mashamba yanayopakana kwa kawaida yalikuwa ya ndugu waliogawiwa na baba mmoja. Anayetaka kujua ukoo wake na aanze kwa kuuliza mpaka wake uliwekwa na nani.

Diana naye anatoa funzo lingine. Kabla ya kuolewa na Delamere alikuwa mke wa Gilbert Colville, mfugaji aliyekuwa na ardhi kubwa upande wa Naivasha. Wawili hao waliachana mwaka 1955. Lakini Colville alipofariki 1966 alimwachia Diana sehemu kubwa ya mali yake. Mali ikahama kutoka ukoo mmoja kwenda nyumba ya ukoo mwingine kupitia kwa mwanamke, bila ya damu kuhusika. Vivyo hivyo, anayemwona Diana katika hati kama Lady Delamere asikimbilie kumwandika kuwa mama wa baroni wa tano. Huyo alikuwa ameshazaliwa miaka 21 kabla ya ndoa hiyo. Hati ya ardhi huonyesha nani alimiliki. Ili kujua nani alimzaa nani, ni lazima ilinganishwe na cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha kifo.

Deni nalo ni ushahidi

Wakulima wengi huona aibu kuzungumzia madeni. Kwa mtafiti wa nasaba, deni ni hazina. Mtu anapoweka shamba rehani, benki hutaka kujua kila kitu, nani mmiliki, nani mrithi, nani mdhamini na nani mwenye haki ya kupinga. Yote hayo huandikwa na kusajiliwa.

Baroni wa tatu alikopa sana. Kondoo wake wa Njoro walikufa kwa wingi kwa sababu malisho yalikosa madini muhimu. Ng'ombe waliangamizwa na magonjwa, nayo ngano yake ikashambuliwa na kutu. Alitumia mali ya ukoo wake kule Uingereza kama dhamana ya kugharimia majaribio hayo. Alipofariki 1931 aliacha madeni makubwa ya benki.

Mali hiyo ya Uingereza ilikuwa Vale Royal, katika jimbo la Cheshire. Ukoo wa Cholmondeley uliinunua mapema katika karne ya 17, na ukaimiliki hadi ilipouzwa mwaka 1947. Hivyo mtafiti anayefuata hati anaweza kutoka Njoro, akavuka bahari kwa kufuata rehani, na akarudi nyuma miaka 300 hivi katika nasaba ya watu hao. Cheo cha baroni chenyewe kilianza mwaka 1821, lakini hati za shamba zina umri mkubwa kuliko cheo.

Inafaa pia kusema kwamba hasara zile zilizaa maarifa. Majaribio ya ngano yalisaidia kupatikana kwa mbegu zilizostahimili kutu, na kampuni ya kusaga nafaka ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 kwa juhudi za Delamere huyo huyo. Lakini alikuwa na kitu ambacho jirani zake Waafrika hawakuwa nacho. Alikuwa na karatasi ya kuipeleka benki.

Ukoo unapokatika

Si kila daftari la shamba huendelea. Njoro hiyo hiyo kulikuwa na mlowezi mwingine mwenye cheo, Lord Maurice Egerton wa Tatton. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 kuanzisha shule ya kilimo ya kuwafunza vijana wa Kizungu. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alipofariki mwaka 1958 cheo chake kilikufa pamoja naye.

Leo jina lake limebaki katika Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kimewafunza maafisa wengi wa kilimo wanaowatembelea wakulima. Katika daftari la ardhi, mstari wa ukoo wake unaishia kwa taasisi. Hilo nalo ni jibu kwa mtafiti. Pale ambapo jina la mtu hufuatwa na la shule, kanisa, kampuni au serikali, inafaa kuuliza kama ukoo ulikwisha, uliuza, ulihamishwa, au ulijificha nyuma ya kampuni.

Suala la kampuni ni zito. Mashamba mengi makubwa yaliwekwa katika majina ya kampuni za familia. Tangu hapo hatimiliki haibadiliki mzee anapokufa, kwa kuwa kampuni haifi. Kinachobadilika ni hisa. Mtafiti huondoka katika ofisi ya ardhi na kuelekea kwa msajili wa kampuni. Hiyo pia ni sababu mojawapo iliyofanya mashamba hayo yasikatwekatwe vipande vipande, wakati ya wakulima wadogo yakigawanywa kila baada ya mazishi.

Wasioandikwa

Jambo zito zaidi katika kumbukumbu hizi ni lile ambalo halimo. Soysambu ni jina la Kimaasai. Elmenteita vilevile. Majina hayo yamo katika hati na ramani, lakini Mmaasai hayumo. Shamba lilibaki na jina la mwenyewe huku mwenyewe akiwa ameondolewa.

Mnamo Agosti 1904, mwaka mmoja tu baada ya ombi la Naivasha kukataliwa kwa hofu ya mgogoro, serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, Lenana akiwa mkuu wao. Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa na kupelekwa Laikipia na kusini mwa reli. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi yao ilitupwa. Mahakama ilisema mikataba hiyo ilikuwa kama ya mataifa mawili, na kwa hivyo haikuwa na uwezo wa kuiamua.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 99. Ile ya mwaka 1915 iliiongeza hadi miaka 999. Mwaka huo huo wa 1915 ilipitishwa sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, iliyoleta kipande baada ya vita vya kwanza vya dunia. Hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Mlowezi aliandikwa ili amiliki, Mwafrika akaandikwa ili afanye kazi. Mjukuu wa mlowezi anamtafuta babu yake katika daftari la ardhi. Mjukuu wa kibarua wa shamba hilo hilo anamtafuta babu yake katika kumbukumbu za kipande, ikiwa zilihifadhiwa.

Huko Pwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi apeleke dai lake kwa afisa wa serikali lichunguzwe na kuandikwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wenye hati na wakalamu walidai. Wengi wa Mijikenda hawakudai, na vitukuu vyao wanaitwa maskwota hadi leo juu ya ardhi waliyozikia wazee wao.

Hata hivyo, si kweli kwamba Waafrika hawamo kabisa. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoundwa mwaka 1932 na kutoa ripoti mwaka 1934, ilipokea ushahidi mwingi. Wazee wa koo za Wakikuyu walieleza nani alianzisha ukoo, nani aliupata mgunda, kwa mbuzi wangapi, na nani alirithi. Ushahidi huo ulichapishwa katika mabuku matatu makubwa. Tume haikuwarudishia wengi ardhi yao, lakini mjukuu anayetafuta nasaba leo anaweza kukuta humo jina la babu wa babu yake. Wale waliosema na kuandikwa wamebaki. Waliokaa kimya wamesahaulika.

Kadi ya kijani

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango wa hatimiliki za watu binafsi kwa wakulima Waafrika katika maeneo mengi. Vipande vilivyotawanyika viliunganishwa, mipaka ikapimwa, na jina likaandikwa. Tangu mwaka 1962 mpango wa ekari milioni moja nao uligawa mashamba ya walowezi kwa wakulima wadogo. Sheria ya mwaka 1963 ya ardhi iliyosajiliwa ilileta kile ambacho wengi wanakijua kama kadi ya kijani.

Kadi hiyo, inayokaa katika ofisi ya ardhi, ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza shamba lenyewe. Ya pili inaorodhesha wamiliki, mmoja baada ya mwingine, na tarehe ya kila mabadiliko. Ya tatu inaandika mizigo iliyo juu ya shamba, yaani rehani, tahadhari na vizuizi vya mahakama. Kwa maneno mengine, kadi ya kijani ni ukoo wa shamba katika ukurasa mmoja.

Balaa ni kwamba kadi nyingi zina mstari mmoja tu. Jina la babu liliandikwa wakati wa upimaji, na hakuna aliyeongeza kitu tangu hapo. Babu alikufa, baba akalima, naye baba akafa, na wajukuu wanalima. Katika daftari la serikali, shamba bado ni la marehemu.

Chukua mfano wa mzee aliyesajiliwa na ekari 6 mwaka 1964, akafariki 1978 akiacha wana watatu. Waligawana ekari 2 kila mmoja kwa kupanda michongoma. Leo mmoja wao ni marehemu, naye mwanawe anataka mkopo wa kununua ng'ombe wawili wa maziwa na kujenga zizi. Benki inauliza hatimiliki. Anayo ya ekari 6, kwa jina la babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Ili apate ekari zake 2, lazima mirathi ya babu ifunguliwe kwanza, kisha ya baba. Ami zake wakikataa kutia saini, ng'ombe watabaki ndoto.

Hasara haiishii kwa mkopo. Barabara au reli inapopita, fidia humtafuta aliyeandikwa. Mnunuzi mwaminifu hukimbia, na tapeli huja mbio. Watapeli wa ardhi hupenda sana shamba la marehemu, kwa kuwa marehemu hawezi kufika mahakamani kukana saini yake. Wanaoumia zaidi ni wajane na mabinti, ambao haki yao hupingwa mara tu mwenye jina anapozikwa.

Hatua zinazofaa

Kwanza, kila familia ya mkulima inafaa kuandika nasaba yake sasa, kabla ya mzee anayekumbuka kuondoka. Daftari la shilingi chache linatosha. Yaandikwe majina kamili ya babu, wake zake wote, watoto wote wa kiume na wa kike, tarehe za kuzaliwa na kufa, na nani alipewa sehemu gani ya shamba na mbele ya nani. Mashahidi watie saini. Daftari hilo si hatimiliki, lakini litaokoa miaka mingi ya ubishi.

Pili, mwenye shamba aende katika ofisi ya ardhi akague kinachosomeka katika daftari. Wako wengi wanaotunza hatimiliki chini ya godoro wakidhani mambo ni shwari, kumbe kuna tahadhari au rehani wasiyoijua.

Tatu, mirathi ifunguliwe. Kinachohitajika mwanzoni ni cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Ombi huwasilishwa mahakamani, kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida uthibitisho wa mgao hutolewa baada ya miezi 6 tangu kutolewa kwa idhini ya kusimamia mali. Tangu mwaka 2015 mahakimu nao wamekuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi hizi kwa mali isiyozidi kiwango chao, hivyo si lazima familia ya ekari 3 isafiri hadi Mahakama Kuu. Waislamu wanaweza kuelekea kwa kadhi.

Matangazo hayo ya Gazeti Rasmi, ambayo wengi huyaona kama karatasi za kufungia njugu, ndiyo yatakayokuwa hazina ya watafiti wa nasaba kesho. Kila tangazo hutaja marehemu, siku aliyokufa, na uhusiano wa mwombaji naye, awe mjane, mwana au binti.

Nne, mabinti wasiachwe nje. Sheria ya urithi haibagui mtoto wa kiume na wa kike pale mzazi alipofariki bila wasia. Familia inayowaficha dada zake kwa chifu inapanda mbegu ya kesi. Idhini iliyopatikana kwa kuficha warithi inaweza kufutwa hata baada ya shamba kugawanywa na nyumba kujengwa.

Tano, asiguse mali ya marehemu asiye na idhini. Kuuza hata robo ekari kabla ya mirathi ni kosa la jinai, na mnunuzi hubaki bila kitu.

Wajibu wa serikali

Lawama si za mkulima pekee. Mafaili hupotea katika ofisi za ardhi na hurudi "yamepatikana" mfuko unapofunguliwa. Mfumo wa kielektroniki wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kuanzia Nairobi, ni hatua njema. Lakini kompyuta ikiandika jina la marehemu wa mwaka 1978 kuwa ndiye mmiliki, itakuwa imehamisha kosa la zamani kwenye chombo kipya. Kuna haja ya mahakama na ofisi za ardhi kwenda mashinani, kwa ada nafuu, kusafisha daftari kabla halijaingizwa katika mashine.

Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa jijini Nairobi nayo inafaa kufunguliwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Ni jambo la ajabu kwamba mjukuu wa mlowezi anayeishi Uingereza anajua aandike wapi kupata hati ya babu yake, ilhali mkulima wa Njoro hajui kwamba kuna faili inayoeleza shamba lake lilikuwa la nani kabla ya kukatwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilimaliza ile mikataba ya miaka 999 kwa wasio raia, na kuipunguza hadi miaka 99 isiyozidi. Mkataba wa kwanza wa Delamere, ule wa mwaka 1903, nao ulikuwa wa miaka 99. Umri huo ni sawa na vizazi vitatu au vinne vya binadamu. Katika muda kama huo ukoo wa mlowezi uliandika kila kifo, kila ndoa na kila deni, ndiyo maana hadi leo unaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Mkulima mdogo hana ekari 100,000. Huenda ana mbili, au nusu. Lakini kizazi kinachokuja kitamuuliza swali lile lile. Shamba hili ni la nani, na alilipata kwa nani? Jibu linafaa kuwa limeandikwa, likiwa na majina ya wake kwa waume, kabla ya mzee kuaga na kabla ya broka kubisha mlango.